Upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo: Tiba yake si juisi wala chupa ya damu pekee

MGONJWA wa figo anapoambiwa hospitalini kwamba damu yake imeshuka hadi saba au sita, jambo la kwanza linalofanywa na ndugu zake wengi jijini Arusha ni kwenda sokoni. Iwe ni Kilombero, Soko Kuu au Tengeru, kapu hurudi nyumbani na mchicha, matembele, bitruti, rozela na maini. Majani husagwa, juisi hukamuliwa, na mgonjwa hutakiwa anywe asubuhi na jioni ili "damu ipande".

Kwa mtu ambaye figo zake ni nzima, mlo wa namna hiyo hauna ubaya. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimechoka, hali ni tofauti kabisa. Damu yake haikupungua kwa sababu ya kukosa mboga tu, na juisi hizo zimejaa madini ya potasiamu ambayo figo zilizoharibika haziwezi kuyatoa mwilini. Potasiamu ikizidi katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na hata kuusimamisha kabisa pasipo dalili ya kutosha kumtahadharisha mtu.

Kutokana na hali hiyo, ni muhimu kwa mgonjwa na wale wanaomhudumia kufahamu ni kwa nini ugonjwa sugu wa figo huleta upungufu wa damu, na ni hatua zipi za tiba zinazofaa kufuatwa.

Figo ndizo zinazoamuru damu itengenezwe

Watu wengi wanaijua kazi moja ya figo, nayo ni kuchuja uchafu na kutoa maji ya ziada kwa njia ya mkojo. Kazi ya pili, isiyofahamika sana, ni kutengeneza homoni iitwayo erithropoetini. Homoni hiyo husafiri kwa njia ya damu hadi kwenye uboho, yaani ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, na kuuamuru utengeneze chembe nyekundu. Ndani ya chembe hizo mna hemoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo.

Namna figo zinavyojua wakati wa kutoa amri hiyo inaweza kuelezwa kwa mfano wa Mlima Meru wenyewe. Kadiri mtu anavyopanda kuelekea kilele chake chenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ndivyo oksijeni anayoipata katika kila pumzi inavyopungua. Figo huhisi upungufu huo na kuongeza homoni, na baada ya siku kadhaa chembe nyekundu huanza kuongezeka. Wanasayansi waliogundua jinsi chembe za mwili zinavyohisi kiwango cha oksijeni, William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Figo zinapoharibika, amri hiyo hufifia. Uboho huwa mzima, lakini haupati maagizo ya kutosha. Aidha, sumu zinazobaki katika damu hufupisha maisha ya chembe nyekundu ambazo kwa kawaida huishi takriban siku 120. Wakati huohuo, mwili wenye ugonjwa wa muda mrefu hufungia madini ya chuma katika ghala zake na kuyazuia yasifike kwenye uboho, hata kama mgonjwa anakula vizuri. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, kiasi kidogo cha damu hupotea pia katika mirija kila anapohudumiwa.

Tatizo hilo huanza taratibu. Linaweza kuonekana pale uwezo wa figo unapopungua na kuwa chini ya asilimia 60 hivi, na huwa la kawaida sana unaposhuka chini ya asilimia 30.

Ukubwa wa tatizo kanda ya kaskazini

Utafiti uliofanyika katika mkoa jirani wa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulibaini kwamba watu wazima saba kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mijini idadi ilikuwa kubwa zaidi, takriban 15 kati ya kila 100, ikilinganishwa na wawili kati ya 100 vijijini. Kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vikuu, lakini karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa huo hawakuwa na kisukari, shinikizo la damu wala virusi vya Ukimwi.

Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na figo dhaifu pasipo kujua, na uchovu unaotokana na upungufu wa damu ukawa miongoni mwa dalili za mwanzo zinazompeleka hospitalini. Dalili nyingine ni kuhema anapopanda mlima au ngazi, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, kuhisi baridi kupita kiasi, kukosa usingizi mzuri na kushindwa kutuliza mawazo. Baadhi ya wenye upungufu wa madini ya chuma hupata hamu ya kula udongo, barafu au mchele mbichi.

Dalili hizo huchukuliwa na wengi kuwa ni uzee au uchovu wa kazi. Wakati huo moyo hulazimika kusukuma damu nyepesi kwa nguvu zaidi, kuta zake hutanuka na kuwa nene, na ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo huugua moyo.

Kipimo cha damu na mwinuko wa Arusha

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwanamume mtu mzima huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu pale hemoglobini inapokuwa chini ya gramu 13 kwa desilita moja ya damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango hicho ni gramu 12.

Hata hivyo, viwango hivyo vimewekwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Jiji la Arusha liko katika mwinuko wa takriban mita 1,400, na vijiji vingi vya miteremko ya Meru viko juu zaidi ya hapo. Watu wa maeneo hayo kwa kawaida huwa na damu nyingi kidogo kuliko wakazi wa Dar es Salaam au Tanga. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 unaelekeza kwamba kwa mtu anayeishi kati ya mita 1,000 na 1,499 zipunguzwe gramu 0.8 katika kipimo chake kabla ya kuamua kama ana upungufu au la.

Kwa hiyo, mwanamume wa Arusha aliyepimwa na kukutwa na gramu 13.5 anaweza kuonekana mzima kwenye karatasi ya maabara, ilhali kwa hesabu ya mwinuko ana 12.7, yaani tayari ameingia katika upungufu. Kwa mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu, tofauti hiyo inatosha kuwa sababu ya kupimwa kreatinini na protini katika mkojo ili figo zichunguzwe mapema.

Tafuta chanzo kabla ya tiba

Si kila upungufu wa damu kwa mgonjwa wa figo unatokana na figo. Katika mazingira ya Tanzania, sababu nyingine zinaweza kuungana na ugonjwa huo: minyoo ya safura, malaria, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, hedhi nzito, seli mundu, pamoja na upungufu wa vitamini B12 na folati. Dawa za maumivu zinazonunuliwa kiholela madukani huumiza figo na pia zinaweza kusababisha damu kuvuja tumboni.

Ndiyo sababu daktari huagiza picha kamili ya damu, kipimo cha feritini kinachoonyesha akiba ya madini ya chuma, na kipimo cha chuma kinachosafirishwa katika damu. Feritini peke yake inaweza kupotosha, kwani hupanda pia mgonjwa anapokuwa na maambukizi. Mgonjwa mwenye choo cheusi au chenye damu huhitaji kuchunguzwa utumbo kabla ya kupewa dawa yoyote ya kuongeza damu.

Katika mkoa wa Arusha, uchunguzi wa awali unaweza kuanzia katika hospitali za wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Wagonjwa wanaohitaji uchunguzi wa kina zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Madini ya chuma kwanza

Uboho hauwezi kutengeneza chembe nyekundu bila chuma, hata ukipewa homoni ya kutosha. Hivyo hatua ya kwanza ya tiba ni kuhakikisha madini hayo yapo. Kwa mgonjwa ambaye hajafikia hatua ya kusafishwa damu, vidonge vya chuma vinaweza kujaribiwa kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Vidonge hivyo hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, na havipaswi kumezwa pamoja na chai, kahawa, maziwa, dawa za kiungulia au dawa za kalsiamu, kwani vyote hivyo hupunguza ufyonzaji. Choo kuwa cheusi wakati wa kutumia vidonge hivyo ni jambo la kawaida. Hata hivyo, kikiwa laini kama lami na chenye harufu kali, mgonjwa arudi hospitali.

Kwa anayesafishwa damu, vidonge mara nyingi havitoshi, na chuma hutolewa kwa njia ya mshipa chini ya uangalizi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 2,141 na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kutoa chuma mapema na kwa mpangilio, badala ya kusubiri akiba iishe, kulipunguza vifo na maradhi makubwa ya moyo, na wagonjwa walihitaji sindano chache za homoni. Chuma cha mshipa husimamishwa mgonjwa anapokuwa na maambukizi makali.

Sindano ya homoni na mipaka yake

Hadi katikati ya miaka ya 1980, mgonjwa wa figo aliyeishiwa damu hakuwa na njia nyingine ya maana zaidi ya kuongezewa damu mara kwa mara. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, Eugene Goldwasser, na wenzake walifanikiwa kuitenga homoni ya erithropoetini kutoka katika mkojo wa binadamu. Jeni yake ilipatikana katika miaka ya 1980, na mwaka 1989 dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa njia hiyo iliidhinishwa nchini Marekani. Kwa sababu huongeza uwezo wa damu kubeba oksijeni, wanariadha wasio waaminifu waliikimbilia, na imepigwa marufuku michezoni tangu mwaka 1990. Mwaka 2017 WHO iliingiza dawa za kundi hilo katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya wagonjwa wa figo.

Pamoja na manufaa yake, dawa hii haitumiwi ili damu ifikie kiwango cha mtu mzima kiafya. Mwaka 2006, utafiti uliofanyika Marekani ulibaini kuwa wagonjwa waliolengwa kufikishwa gramu 13.5 walipata vifo na matatizo ya moyo mara nyingi zaidi kuliko waliolengwa kufikishwa gramu 11.3. Mwaka 2009, utafiti mwingine wa zaidi ya wagonjwa 4,000 wenye kisukari katika nchi 24 ulionyesha kwamba hatari ya kiharusi ilikaribia kuongezeka maradufu kwa waliolengwa kufikishwa gramu 13.

Kutokana na matokeo hayo, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2012 ilishauri kwamba kwa mgonjwa anayesafishwa damu sindano ianzishwe hemoglobini ikiwa kati ya gramu 9 na 10, na kwa jumla isitumike kuipandisha kupita gramu 11.5. Damu inatakiwa ipande polepole, si zaidi ya gramu 2 kwa mwezi. Shinikizo la damu lazima lidhibitiwe kwanza, kwani dawa hii hulipandisha. Mgonjwa aliyewahi kupata kiharusi au saratani anapaswa kumweleza daktari kabla ya kuanza.

Suala jingine ni utunzaji. Sindano hizi huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8, hazigandishwi wala kutikiswa. Mgonjwa anayezibeba kutoka Arusha mjini kwenda Longido, Monduli au Ngarenanyuki anahitaji chombo cha kutunza ubaridi, na barafu isigusane na dawa. Sindano iliyopata joto njiani inaweza kupoteza nguvu, na familia ikabaki inalipia dawa isiyofanya kazi.

Katika miaka ya karibuni kumepatikana pia vidonge vinavyouhadaa mwili uhisi kama uko mlimani, ili uongeze homoni yake wenyewe. Cha kwanza kiliidhinishwa China mwaka 2018, na vingine viliidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024. Vidonge hivyo navyo vina tahadhari ya damu kuganda na kuziba mishipa.

Kuongezewa damu kuna gharama yake

Chupa ya damu huokoa maisha pale mgonjwa anapokuwa na hali mbaya, anapotokwa na damu nyingi, au hemoglobini inaposhuka chini ya gramu 7 huku akiwa na dalili kali. Lakini kuifanya kuwa tiba ya kila mwezi kuna madhara. Damu inayoongezwa inaweza kumzidishia mgonjwa maji na potasiamu, na ikirudiwa mara nyingi huacha chuma kingi katika ini na moyo.

Dhara lisiloonekana haraka ni lile linalohusu upandikizaji. Kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili wa mgonjwa kuzalisha kinga dhidi ya viungo vya watu wengine. Upandikizaji wa figo ulianza kufanyika nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017, na ukafuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma mwaka 2018. Mgonjwa ambaye mwili wake umejaa kinga hizo anaweza kufika huko akiwa na ndugu aliye tayari kumtolea figo, kisha vipimo vikaonyesha kuwa mwili wake utaikataa. Kwa hiyo, mgonjwa mwenye matumaini ya kupandikizwa anapaswa kuuliza, kila anapoagiziwa damu, kama ipo njia nyingine.

Chakula, magadi na maji ya Meru

Mgonjwa hatakiwi kuacha mboga zote, bali kiasi na namna ya kuandaa ndivyo vinavyopaswa kuzingatiwa. Ndizi, ambayo ni chakula kikuu cha Wameru, ina potasiamu nyingi. Hali kadhalika maharage, viazi, parachichi na majani ya kijani. Kumenya, kukatakata, kuchemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo hupunguza potasiamu. Kusaga majani mabichi na kunywa juisi yake ni kumeza potasiamu yote iliyomo. Nyama na samaki hutoa chuma kinachofyonzwa vizuri zaidi kuliko cha majani, ila kiasi chake kipangwe na mtaalamu wa lishe, kwani protini na fosforasi zikizidi nazo huwa mzigo.

Wapo wanaoamini kwamba kisusio au damu ya ng'ombe hugeuka moja kwa moja kuwa damu ya mnywaji. Ukweli ni kwamba damu inayonywewa husagwa tumboni kama chakula kingine. Hutoa chuma na protini, lakini haichukui nafasi ya homoni iliyokosekana.

Magadi yanayotumika kulainishia maharage na makande yana sodiamu nyingi inayopandisha shinikizo la damu. Aidha, magadi na maji ya baadhi ya chemchemi na mito ya miteremko ya Meru huwa na floridi nyingi, ambayo dalili yake ni meno ya kahawia. Figo ndiyo njia kuu ya kutoa floridi mwilini. Zikidhoofika, madini hayo hulundikana katika mifupa. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Mgonjwa wa figo katika maeneo hayo anastahili kutafutiwa maji yenye floridi kidogo.

Ubora wa maji una uzito mkubwa zaidi katika mashine za kusafisha damu, ambako mgonjwa mmoja hukutana na takriban lita 120 za maji kwa kikao kimoja. Maji yasiyochujwa ipasavyo yakiwa na kloramini huvunja chembe nyekundu, na yakiwa na aluminiamu huzuia uboho kufanya kazi. Endapo damu za wagonjwa kadhaa wa kituo kimoja zitashuka kwa pamoja, maji ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuchunguzwa.

Mambo ya kumuuliza daktari

Mgonjwa anashauriwa kuwa na daftari la kumbukumbu lenye tarehe na kiwango cha hemoglobini, feritini, potasiamu na shinikizo la damu. Anayetumia sindano apimwe hemoglobini kila mwezi mwanzoni. Iwapo damu haipandi licha ya dozi kuongezwa, maswali ya kuuliza ni haya: je, chuma kinatosha? Kuna maambukizi yaliyojificha, ikiwemo kifua kikuu? Kuna mahali damu inapotea? Vikao vya kusafisha damu vinakamilika kwa idadi na muda uliopangwa? Dawa ilitunzwa katika ubaridi?

Swali la mwisho linahusu fedha. Wapo wanaopunguza vikao au kuruka sindano ili fedha zifike mwisho wa mwezi, kisha wanaona aibu kumweleza daktari. Daktari asiyejua hilo huweza kuongeza dozi pasipo sababu. Akiambiwa ukweli mapema, anaweza kupanga ratiba ambayo familia itaimudu, kuanzia na chuma ambacho ni nafuu kuliko homoni, na kuacha chupa ya damu kwa siku itakapohitajika kwa kweli.